Msitu wa Nani? Sheria za Ardhi na Siasa ya Hali ya Hewa katika Maniema, 1885–2021

Mjadala wa mabadiliko ya hali ya hewa nchini Kongo huelezwa mara nyingi kana kwamba ulizaliwa katika mikutano ya kimataifa. Historia ya Maniema yaonyesha kuwa mzizi wake ni wa kale zaidi, nao ni swali moja: mwenye msitu ni nani?

Tarehe 1 Julai 1885, Dola Huru ya Kongo ilitangaza kuwa ardhi isiyo na mtu ni mali ya dola. Lakini msitu wa Maniema haukuwa mtupu. Shamba lilipochoka liliachwa likawa kichaka, likapumzika miaka kadhaa, kisha ukoo ule ule ukarudi kulifyeka. Mawindo na mavuvi nayo yalikuwa na wenyewe. Pale mwenyeji alipoona akiba ya wajukuu, afisa aliona ardhi tupu. Dikrii ya mwaka 1906 ilitambua ardhi za wenyeji, ila katika utekelezaji zilibanwa zikawa karibu nyumba na mashamba tu.

Uhuru haukuung'oa msingi huo. Baada ya Sheria ya Bakajika ya mwaka 1966, sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilizifanya ardhi za jumuiya kuwa mali ya dola, ikaahidi kuwa haki za wakazi zitapangwa kwa amri ya Rais. Miongo ikapita bila amri hiyo. Si ajabu kwamba katika Kiswahili cha Kongo dola huitwa Leta, neno lililotoholewa kutoka Kifaransa: hata jina la mwenye ardhi lilitoka nje.

Sheria ya misitu ya mwaka 2002 ilikariri kuwa misitu ni mali ya dola, lakini iliziruhusu jumuiya kuomba misitu waliyoirithi kwa mila. Dikrii ya utekelezaji ilichelewa hadi tarehe 2 Agosti 2014. Kwa mujibu wake, jumuiya yaweza kupewa hadi hekta 50,000, bila malipo na bila kikomo cha muda, kwa sahihi ya gavana. Kwa wanakijiji wa Lubutu au Kabambare, maana yake ni kuandaa ramani na kumbukumbu za vikao, kisha kulifuata jalada hadi Kindu. Haki ni ya bure. Njia ya kuifikia si ya bure.

Mnamo Novemba 2021, mjini Glasgow, Kongo iliahidiwa dola milioni 500 za Marekani kwa miaka mitano ili kulinda misitu. Katika mipango ya aina hiyo, kilimo cha kuhamahama hutajwa kuwa sababu kuu ya ukataji miti. Ni kweli kwamba palipo na watu wengi kichaka hakipumziki tena vya kutosha. Hata hivyo, kichaka kilichoitwa kitupu mwaka 1885 sasa chaitwa kilichoharibiwa, na kwa majina yote mawili mwenyewe hatajwi. Siasa ya hali ya hewa isiyoandika mipaka ya koo kabla ya kuhesabu kaboni itairudia dhuluma ile ile kwa lugha mpya.