Utunzaji wa Kumtambua Mtu

Katika nyumba za kutunzia wazee wenye demensia nchini Uingereza, ipo istilahi moja iliyojaa kwenye miongozo na mafunzo ya kazi: "person-centred care". Waswahili wengi wameajiriwa katika nyumba hizo. Wakitaka kuieleza kwa lugha yao, tafsiri za kwanza kuja ulimini ni "huduma inayomlenga mgonjwa" au "matunzo ya kiutu". Naona zote mbili hazitoshi, na ili kueleza sababu inabidi nianze na mwenye fikra yenyewe.

Ni Tom Kitwood wa Chuo Kikuu cha Bradford, aliyefariki mwaka 1998, mwaka mmoja tu baada ya kutoa kitabu chake, Dementia Reconsidered. Enzi zake demensia ilielezwa zaidi kama kuharibika kwa ubongo, basi. Kitwood hakukataa kwamba ubongo huharibika, ila alishikilia kwamba hali ya mgonjwa hutokana pia na jinsi anavyotendewa. Utu, kwa maelezo yake, ni hadhi ambayo mtu hupewa na wenzake, na ndani yake mna kutambuliwa, kuheshimiwa na kuaminiwa. Mswahili hapati taabu kumwelewa hapo: mtu ni watu.

Akaorodhesha matendo yanayomvua mtu hadhi hiyo, na akasema mengi hufanywa na watu wema wasiokusudia ubaya. Kiti cha magurudumu kinasukumwa kutoka nyuma bila neno, bibi anashtuka na kung'ang'ania mikono ya kiti. Kijiko cha pili kinafika mdomoni kabla cha kwanza hakijamezwa. Wawili wanamvisha nguo huku wakiulizana, "Huyu ameshakunywa dawa?", na mwenyewe yupo hapo hapo anasikia. Akisukuma mkono wa mtu, kwenye faili inaandikwa kwamba ana fujo. Nasi tunalo letu: tukishasema mzee karudi utotoni, tunaanza kumsemesha kitoto. Hilo nalo limo katika orodha ya Kitwood.

Yeye na wenzake wa Bradford walibuni pia njia ya kuyaona hayo. Mchunguzi aliyefunzwa hukaa sebuleni kwa saa kadhaa, na kila dakika 5 huandika kila mzee anafanya nini na anaonekana yuko katika hali gani. Karatasi zikijaa, inajulikana nani amekaa asubuhi nzima bila kusemeshwa na yeyote.

Haya si maneno ya kufarijiana tu. Utafiti uitwao WHELD, uliofanywa katika nyumba 69 nchini Uingereza na kuchapishwa mwaka 2018, uliwafunza wafanyakazi utunzaji wa aina hii pamoja na kuwatengea wazee muda wa mazungumzo na shughuli wanazozipenda. Ubora wa maisha yao ulipanda, na mahangaiko yakapungua.

Sasa turudi kwenye tafsiri. "Mgonjwa" inarudisha kilekile alichokipinga Kitwood, maana inatanguliza ugonjwa. "Kulenga" nako kunamfanya mzee shabaha ya huduma inayotoka upande mmoja. "Matunzo ya kiutu" iko karibu zaidi, lakini msikilizaji huelewa upole na huruma, na mtu anaweza kuwahurumia wazee 30 bila kumjua hata mmoja wao.

Napendekeza "utunzaji wa kumtambua mtu". Kilio kikubwa cha ndugu wa mwenye demensia ni "mzee wetu hatutambui tena". Istilahi hii inauhamisha wajibu kwenda kwa anayetunza: yeye ndiye anayetakiwa kumtambua mzee, hata pale mzee asipoweza.

Nawaomba wanaoandaa mafunzo ya watunzaji kwa Kiswahili waijaribu. Nawe unayeanza zamu kesho, kabla ya kumshika mzee tafuta kujua mambo matatu: anapenda kuitwaje, alifanya kazi gani, na kitu gani humtia hofu. Yaandike mahali ambapo mwenzako wa zamu ya usiku atayaona.