Herufi Nne za Maziwa

Mwezi wa Januari 1800 mvulana mmoja alitoka msituni akaingia katika kijiji cha Saint-Sernin, jimbo la Aveyron, kusini mwa Ufaransa. Alikadiriwa kuwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi, na hakusema neno. Alipofikishwa Paris mwaka uo huo, tabibu mashuhuri Philippe Pinel alimchunguza akahukumu kwamba akili yake ni pungufu na kwamba mafundisho hayatamfaa kitu. Hukumu ya namna hiyo ni nyepesi kutoa, maana humpunguzia mwalimu kazi kabla hajaianza.

Jean Marc Gaspard Itard, daktari kijana katika Taasisi ya Viziwi ya Paris, hakuikubali. Alimwita mtoto Victor, akamkabidhi Bibi Guérin amlee, kisha akaanza kazi. Alichora ubaoni vitu vya kila siku, kama ufunguo, mkasi na nyundo, na Victor akatundika kila kitu penye picha yake. Walakini picha zilipoondolewa na majina yaliyoandikwa yakawekwa mahali pake, mtoto alikwama. Hapo Itard alionyesha ualimu wake: hakumlaumu mwanafunzi. Alitambua kuwa kati ya picha ya mkasi na neno mkasi pana bonde pana, naye alimtaka mtoto alivuke kwa hatua moja. Akarudi nyuma, akamzoeza kupambanua rangi na maumbo, ndipo akamletea herufi 24, kila moja na chumba chake ubaoni.

Neno la kwanza lilikuwa *lait*, yaani maziwa. Mara ya kwanza Victor alizipanga herufi kinyume, *tial*. Baada ya kusahihishwa mara chache alifaulu. Msomaji wa Kiswahili, aliyezoea neno kutamkwa kama lilivyoandikwa, na apime ugumu wake: herufi ni nne, sauti ni mbili tu, *a* na *i* huungana kuwa sauti moja, na *t* haisikiki kabisa. Victor alilipata neno kwa jicho na mkono. Siku nane baadaye, akitoka kwenda matembezini, alichukua herufi hizo nne kwa hiari yake, akafika katika nyumba aliyozoea kupewa maziwa, akazipanga juu ya meza.

Taarifa ya pili ya Itard, ya mwaka 1806, ina majonzi zaidi, na pengine faida zaidi. Kwa Victor neno *kitabu* lilikuwa jina la kitabu kimoja tu, kile alichofundishwa nacho. Kingine hakikuwa kitabu. Alipofunzwa kupanua maana alipita mpaka, hata wembe akauita kisu. Kosa hilo lilikuwa maendeleo makubwa, kwa kuwa mtoto alikwisha kufikiri juu ya kazi ya kitu. Usemi, hata hivyo, haukuja, na masomo yalikoma. Ajabu ni kwamba wanafunzi viziwi waliomzunguka Victor walizungumza kwa ishara usiku na mchana, lakini Itard alitaka sauti ya kinywa, na mlango ule uliokuwa wazi hakumpitisha. Victor aliishi na Bibi Guérin, aliyelipwa na serikali faranga 150 kwa mwaka, mpaka alipokufa mwaka 1828.

Mbinu zake hazikufa. Édouard Séguin, aliyeanza kufundisha chini ya uongozi wa Itard mwaka 1837, alizikuza, akachapisha kitabu kikubwa mwaka 1846. Zaidi ya miaka hamsini baadaye daktari Maria Montessori wa Roma alinakili kwa mkono wake vitabu vya wote wawili, akavitafsiri kwa Kiitalia. Watoto aliowafundisha, waliodhaniwa hawafundishiki, walijua kusoma na kuandika. Kwa maelezo yake, baadhi yao walifanya mtihani pamoja na watoto wa shule za kawaida wakafaulu. Wengine walimsifu, yeye aliuliza ni kitu gani kinachowazuia wale wa kawaida wasifike mbali zaidi.

Januari 1907 alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa kimaskini wa San Lorenzo. Huko, watoto wadogo wasio na upungufu wowote walipewa herufi za msasa zilizobandikwa kwenye kadi, wakapitisha vidole juu yake wakitamka sauti zake, wengine wakiwa wamefumba macho.