Orodha za Koo katika Ezra na Nehemia: Maoni kutoka Buha

Sura za nasaba katika Agano la Kale huwachosha wasomaji, na wahubiri wengi huziruka. Hata hivyo Ezra 2, iliyorudiwa karibu yote katika Nehemia 7, yamfaa sana mchungaji anayetumika Kibondo au Kasulu, kwa kuwa ni orodha ya watu wanaorudi kutoka uhamishoni.

Kabla ya uhamisho, haki ya Mwisraeli ilishikamana na ardhi. Binti za Selofehadi (Hesabu 27) walidai shamba ili jina la baba yao lisifutike. Jina lilihifadhiwa na shamba. Babeli ilivunja kifungo hicho. Koreshi alipowaruhusu kurudi mwaka 538 K.K., kizazi kilichozaliwa ugenini kilikuwa na majina tu. Sasa shamba ndilo lililopaswa kutafutwa kwa jina. Ndiyo sababu, kwa maoni yangu, vitabu vya baada ya uhamisho, hasa Mambo ya Nyakati, vimejaa nasaba kuliko vingine.

Huku Buha, nasaba zilizoandikwa kwanza zilikuwa za watawala. Mwami wa Heru au wa Muhambwe alikalia kiti kwa uzao, na maofisa wa kikoloni waliandika orodha za wafalme, wakiziacha koo za wakulima zikae vinywani mwa wazee. Katika miaka ya 1950 Mwami wa Heru alikuwa mwanamke, Theresa Ntare, aliyeketi pia katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. (Binti za Selofehadi wangalifurahi.) Utawala wa machifu ulipofutwa mwaka 1963, nasaba hizo zilipoteza kazi yake ya kiserikali.

Lakini ukoo ulipata kazi nyingine. Warundi walikimbilia nchi hii mwaka 1972, na tena mwaka 1993, wakajaza makambi ya Kibondo na Kasulu. Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana, hivyo hata majina hayakuwatenga na wenyeji. Kambi ya Mtabila, Kasulu, ilifungwa mwaka 2012. Waliorudi Burundi walikuta mashamba yanakaliwa na wengine, na tume ya ardhi iliyoundwa huko mwaka 2006 ilipaswa kupima madai yao. Mtu aliyezaliwa Tanzania angeonyeshaje shamba la babu asiyemwona, ila kwa kutaja ukoo, kilima, na mzee anayekumbuka?

Hapo twarudi Ezra 2:59-63. Wako walioshindwa kuonyesha nyumba ya baba zao, lakini wamo katika orodha. Andiko halisemi kwamba walirudishwa Babeli. Kwa makuhani hali ni tofauti. Wana wa Hobaya, Hakosi na Barzilai walitafuta maandishi yao, yasionekane, nao wakaondolewa katika ukuhani. Liwali aliwazuia wasile vitu vitakatifu sana hata atokee kuhani mwenye Urimu na Thumimu. Uamuzi ni mkali, lakini haukufunga mlango: uliahirisha shauri.

Tena orodha yenyewe si neno la mwisho. Miaka ipatayo tisini baadaye, Nehemia 3:4 yamtaja Meremothi mwana wa Uria, mwana wa Hakosi, akijenga ukuta wa Yerusalemu. Na katika Ezra 8:33 fedha na vyombo vya nyumba ya Mungu vinapimwa mikononi mwa Meremothi mwana wa Uria, kuhani. Ikiwa ni ukoo uleule, kama ninavyoamini, basi kati ya sura ya 2 na ya 8 kuna mtu aliyesikiliza ushahidi upya, ingawa jina lake halikuandikwa.