Habari za Gari Liitwalo Unimog, Lililobuniwa kwa Ajili ya Mkulima

Mwanachama yeyote aliyewahi kupeleka mazao yake ghalani wakati wa mvua ajua ya kuwa kazi ya mkulima haiishi shambani. Mazao yakisha kuvunwa hayana budi kubebwa, na mara nyingi gharama ya kuyabeba ndiyo inayokula faida. Kwa hiyo yafaa katika kijitabu hiki cha miaka 10 tusimulie habari za gari moja lililobuniwa Ujerumani baada ya Vita Kuu ya Pili, na ambalo waundaji wake walimfikiria mkulima mdogo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Vita vilipokwisha Ulaya mwezi wa Mei 1945, Ujerumani ilikuwa nchi iliyovunjika. Miji mingi ilikuwa magofu, chakula kilikuwa haba, na nchi yote ilikuwa mikononi mwa majeshi ya Marekani, Uingereza, Ufaransa na Urusi. Kuunda ndege kulikatazwa, na wahandisi wa kazi hiyo wakabaki bila kazi. Mmoja wao alikuwa Albert Friedrich, aliyekuwa amesimamia ubunifu wa mota za ndege katika kampuni ya Daimler-Benz. Bwana huyu alifikiri kwamba nchi yenye njaa yahitaji kwanza chombo cha kulimia, na katika mwaka ule ule wa 1945 akaanza kuchora michoro yake.

Katika sehemu za kusini-magharibi mwa Ujerumani ilikuwa desturi kuwagawia watoto wote ardhi ya baba yao. Kwa sababu hiyo mashamba yalizidi kuwa madogo kizazi baada ya kizazi, na mkulima mmoja aliweza kuwa na vipande vingi vilivyotawanyika. Wengi wao walitumia farasi au ng'ombe. Trekta la siku zile lililima vizuri, lakini lilikwenda polepole barabarani wala halikuwa na mahali pa kuweka mizigo. Lori nalo lilibeba mizigo, lakini halikuweza kuvuta plau. Mkulima mdogo angepata wapi fedha za kununua vyote viwili? Friedrich alitaka chombo kimoja kifanye kazi zote mbili.

Kazi ilianza mwezi wa Januari 1946 katika mji wa Schwäbisch Gmünd, kwa msaada wa kiwanda cha Erhard & Söhne, ambacho hapo zamani kilijulikana kwa vyombo vya dhahabu na fedha. Mhandisi Heinrich Rössler ndiye aliyeongoza uchoraji. Mwezi wa Oktoba gari la kwanza la majaribio, lisilo na kibanda cha dereva, lilitembea, naye Rössler mwenyewe alishika usukani. Mwezi uliofuata mwenzao Hans Zabel alilipa jina Unimog, ambalo ni kifupisho cha maneno ya Kijerumani yenye maana ya chombo chenye mota kifaacho kazi zote.

Upana wa kati ya magurudumu ya kulia na ya kushoto ulikuwa milimita 1,270, yaani upana wa matuta mawili ya viazi, ili gari lipite shambani bila kukanyaga mimea. Magurudumu yote manne yalikuwa ya ukubwa mmoja, na yote manne yaliendeshwa na mota. Gurudumu moja lilipoteleza katika matope, dereva aliweza kuyafunga magurudumu ya ekseli moja yazunguke pamoja. Ekseli zenyewe ziliinuliwa juu ya vitovu vya magurudumu kwa gia ndogo, ili tumbo la gari lisigonge mawe wala visiki. Mbele na nyuma palikuwa na mhimili wa kuzungusha mashine nyingine, na nyuma ya viti palikuwa na bodi ndogo ya mizigo. Mota ilikuwa ya dizeli yenye nguvu za farasi 25. Barabarani gari liliweza kufikia kilomita 50 kwa saa, mwendo ambao matrekta ya wakati ule hayakuukaribia.

Mwaka 1948 gari hilo lilionyeshwa kwa wakulima katika maonyesho ya kilimo ya Frankfurt. Kazi ya kuyaunda kwa wingi ilichukuliwa na kiwanda cha Boehringer cha mji wa Göppingen, kilichotoa magari yapatayo 600. Alama yake ilikuwa kichwa cha ng'ombe dume ambacho pembe zake zilifanya herufi U. Mwaka 1951 kazi ilihamia kiwanda cha Daimler-Benz huko Gaggenau, na mwaka 1953 nyota ya kampuni hiyo ikawekwa juu ya gari.

Hapa ndipo habari hizi zinapotuhusu. Chombo chenye gia na mihimili mingi namna hiyo hakikuweza kuwa rahisi, na bei yake ilipita ile ya trekta la kawaida. Wengi waliokusudiwa kulinunua hawakumudu. Wanunuzi wengine walijitokeza: majeshi, wazima moto, na mabaraza ya miji yaliyotaka kuondoa theluji barabarani. Mwaka 1955 ilitoka Unimog S, lori dogo la petroli lililotumiwa hasa na majeshi, na hadi mwaka 1980 yaliundwa zaidi ya 60,000. Mwaka 2002 uundaji wa Unimog uliondoka Gaggenau ukahamia Wörth.

Je, mkulima mdogo wa Ujerumani aliachwa mikono mitupu? La. Alitafuta njia nyingine, na njia yenyewe haikuwa ngeni kwake, kwa maana nchi ile ndiyo ya Friedrich Wilhelm Raiffeisen, aliyeanzisha chama cha mikopo cha wanavijiji huko Heddesdorf mwaka 1864. Mwaka 1958, katika kijiji cha Buchhofen huko Bavaria, Bwana Erich Geiersberger alianzisha umoja wa kutumia mashine pamoja. Mwenye mashine humlimia jirani kwa malipo yaliyokubaliwa, na msimamizi mmoja hupanga zamu. Mpango huo ulienea nchini mwao na hata nje yake.

Ndugu wanachama, wahandisi hodari walimfikiria mkulima kwa moyo safi, lakini ubora wa chombo haukutosha kukifikisha mlangoni pake. Kwa hiyo viongozi wetu wanapoletewa shauri la kununua lori au trekta, na tuulize pamoja nao: litafanya kazi siku ngapi katika mwaka, zamu zitapangwa na nani, na fedha za kulitengeneza zitatoka wapi? Majibu yakiandikwa katika kitabu cha mikutano kabla ya kununua, hata mwanachama mwenye nusu eka ataweza kudai zamu yake.