Wekundu wa Kakapel: Rangi, Hisia na Historia katika Uhakiki

Katika uhakiki wetu imezoeleka kuifasiri rangi kana kwamba ina maana moja isiyobadilika: nyekundu ni damu na hatari, nyeupe ni usafi, nyeusi ni msiba. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ufasiri wa namna hiyo hauwezi kusimama mbele ya kazi ya sanaa yenye historia ndefu. Mfano utakaotumika ni michoro ya mwamba wa Kakapel, katika milima ya Chelelemuk, si mbali na Amukura, katika nchi ya Wateso wa Busia.

Mwamba huo, uliojiinamia mithili ya pango, ulitangazwa kuwa mnara wa kitaifa wa Kenya mwaka 2004. Michoro yake, ya rangi nyekundu na nyeupe, haikuchorwa na watu wa zama moja. Kuna miviringo iliyozungukana, ambayo kwa kawaida huhusishwa na wawindaji wa kale. Kuna ng'ombe, kazi ya wafugaji. Na kuna maumbo ya kijiometri yanayodhaniwa kuwa ya karibuni zaidi. Uchimbaji wa kiakiolojia, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2024, uligundua hapo mbegu za kunde za miaka ipatayo 2,300 iliyopita. Ni dhahiri, basi, kwamba wawindaji, wafugaji na wakulima walipishana chini ya mwamba huo huo. Je, wekundu ule uliwagusa wote kwa namna moja?

Nadharia za Ulaya zingetushawishi kukubali. Baada ya Newton kuieleza rangi mwaka 1704 kuwa ni tabia ya mwanga, Goethe alidai mwaka 1810 kwamba rangi ina athari yake katika nafsi ya mtazamaji. Karne moja baadaye, Kandinsky aliipa kila rangi sauti yake ya kiroho. Mchango wao hauwezi kubezwa. Hata hivyo, wote wawili walianza na jicho la mtazamaji aliye peke yake, wakaliacha nyuma swali la jamii iliyolifunza jicho hilo kutazama.

Hoja ya kwanza ni ya malighafi. Rangi nyekundu ya miambani hutokana na mawe na udongo wenye oksidi ya chuma, nayo hushikana na mwamba kwa muda mrefu. Nyeupe ya udongo hukaa juu juu na kubanduka upesi, na weusi wa mkaa hufutika. Kwa hiyo, pale ambapo wekundu unatawala, huenda tunachokiona ni kile tu kilichosalia. Mhakiki anayejenga hoja juu ya wingi wa nyekundu yafaa ajiulize kwanza mvua na upepo vimefuta nini.

Hoja ya pili ni ya lugha. Kiswahili kina vivumishi halisi vitatu tu vya rangi: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine huazima majina ya vitu, kama vile majani na kahawa. Utatu huo ndio ambao Berlin na Kay waliuweka mwanzoni mwa mfuatano wao wa majina ya rangi mwaka 1969. Lakini upana wa neno haulingani na upana wa rangi dukani: tunaposema "ng'ombe mwekundu" tunakusudia ngozi ya hudhurungi, wala hakuna anayefikiria damu. Lienhardt alionyesha mwaka 1961 kwamba kwa Wadinka rangi hujulikana kupitia ng'ombe wenyewe. Kwa wafugaji waliochora ng'ombe wa Kakapel, huenda rangi ilibeba hisia ya mali, fahari na mapenzi.

Hoja ya tatu ni ya ibada. Victor Turner, akiwachunguza Wandembu wa Zambia, aligundua kwamba nyekundu ina sura mbili: damu ya uzazi na ya uwindaji kwa upande mmoja, damu ya mauaji na uchawi kwa upande wa pili. Aidha, baadhi ya wataalamu wameihusisha miviringo myekundu ya aina hii na mvua na rutuba. Ikiwa wamesema kweli, basi rangi ambayo mwanafunzi wetu angeiita ishara ya hatari ilikuwa dua ya mavuno.

Wachoraji wale hawakutuachia neno hata moja. Rangi ndiyo kauli yao pekee iliyosalia, nayo imekwisha kuandikwa juu yake majina ya wageni waliopita. Kuifasiri kwa jedwali lililokwisha kupangwa ni kuandika jina letu juu yao kwa mara nyingine. Mhakiki wa ushairi naye, anapokutana na neno "nyekundu" katika ubeti, hana budi kuuliza yale yale: limetoka wapi, linataja nini katika jamii ya msanii, na lilitumika katika tukio gani. Hisia ya rangi ni ya kweli, lakini ina historia, na historia hiyo ndiyo kazi yetu.