Kwa Nini Mbegu ya Tufaha Haitoshi

Mwezi wa 10 mwaka jana nilipanda treni hadi Faversham, mji mdogo wa Kent, Uingereza, kwenda kuona shamba la Brogdale. Hapo ndipo inapotunzwa hazina ya taifa ya matunda: aina zaidi ya 2,000 za matufaha, na kwa kawaida kila aina ina miti miwili tu. Nyingi ni za zamani. Huzikuti tena sokoni, kwa sababu mashamba mengi ya zamani yaling'olewa katika karne ya 20, maduka yakabaki na aina chache.

Nilienda na swali moja: kwa nini wasihifadhi mbegu tu, kama tunavyofanya kwa mahindi?

Jibu liko kwenye ua. Ua la mtufaha kwa kawaida halipokei chavua ya aina yake; linataka ya aina nyingine. Yaani kila mbegu ni mtoto mpya mwenye baba wa kando. Ukiipanda, utapata tufaha tofauti na ulilokula, na mara nyingi litakuwa dogo na chachu. Ukitaka lile lile, kata kijitawi ukibebeshe kwenye shina la mche mwingine. Ndiyo kubebesha huku huku kunakofanywa na wauza miche wetu wa maembe na maparachichi.

Chukua mfano wa Bramley, tufaha la kupikia wanalolipenda sana Waingereza. Mwaka 1809, katika mji wa Southwell, msichana aitwaye Mary Ann Brailsford alipanda mbegu. Ikaota, ukawa mti. Yeye akaolewa, akahama. Mwaka 1846 nyumba ikanunuliwa na mwenye bucha, Matthew Bramley. Miaka 10 baadaye kijana wa miaka 17, Henry Merryweather, ambaye familia yao ilikuwa na kitalu cha miche, akaomba kukata vijitawi. Bramley akakubali kwa sharti moja: tufaha liitwe kwa jina lake. Mary Ann alikuwa ameshafariki mwaka 1852, bila kujua kwamba mti wake ungekuwa maarufu.

Mti ule wa kwanza ulipata kuvu inayoshambulia mizizi. Lakini tufaha lenyewe lipo, kwa sababu kila mti wa Bramley popote ulipo umetokana na vijitawi vyake. Kila kizazi, mtu alishika kisu akabebesha. Kizazi kimoja kikizembea, miti ikazeeka na kufa, aina imekwisha.

Nilipokuwa natembea kati ya mistari ile, nilikumbuka mparachichi wa bibi, kule Rungwe. Matunda yake yalikuwa na siagi, hayana nyuzi kabisa. Ulipokatwa kupisha nyumba, hatukuhuzunika sana. Tulikuwa tumepanda mbegu zake. Miaka kadhaa baadaye miti ile ikazaa: vitunda vidogo, vyenye maji maji. Parachichi nalo, kama tufaha, halirudi lile lile kwa mbegu. Hakuna kati yetu aliyekuwa amekata hata kijitawi kimoja.

Basi, kama kwenu kuna mti ambao watu huja kuomba matunda yake, mwite fundi wa kubebesha mapema. Mwenye shoka huwa haitwi mara mbili.