Doksingi ni kuanika, si kufichua

Mwaka 2018 simu ya Carlos Maza, aliyekuwa akitayarisha video za tovuti ya Vox huko Marekani, ilifurika ujumbe kutoka kwa watu asiowajua. Walikuwa mamia, na walisema jambo moja: kajadiliane na Steven Crowder. Crowder ni mtangazaji wa YouTube mwenye wafuasi kwa mamilioni, na kwa muda mrefu alikuwa akimkejeli Maza kwenye vipindi vyake. Ukiuchukua ujumbe mmoja ukausoma peke yake, huoni tusi wala tishio. Utadhani ni mwaliko. Kinachotisha ni kwamba Maza hakumpa namba yake hata mmoja wao.

Kuichukua namba ya mtu, au anwani yake, jina lake la kwenye kitambulisho, shule wanayosoma wanawe, na kuyaweka hayo mbele ya watu wanaomchukia, ndiko kunakoitwa doksingi. Neno limetoka kwa wadukuzi wa Marekani wa miaka ya 1990. Wakati huo kila mmoja alijificha nyuma ya jina la bandia, na wawili wakikosana, mmoja aliweza "kudondosha doksi" za mwenzake, yaani nyaraka zake: huyu mnayemwogopa anaitwa fulani, anaishi mahali fulani. Kwa mdukuzi, kujulikana jina tu kulitosha kummaliza. Leo mhanga wa kawaida hakujificha popote. Ni mtu ambaye kazi yake ni kuonekana, na hapo ndipo tafsiri yetu inapokwama.

Wanaolitafsiri kwa haraka huandika "kufichua taarifa binafsi". Sikubaliani nao. Kufichua kunataka kiwepo kilichofichwa, na katika Kiswahili cha magazetini kinachofichuliwa kwa kawaida ni uovu: ufisadi, njama, mtandao wa wizi. Ukisema fulani amefichuliwa, msomaji anaanza kujiuliza alikuwa ameficha nini. Kuumbua ni kubaya zaidi, maana anayeumbuliwa amekutwa na aibu yake mwenyewe. Kumwaga mtama kwenye kuku wengi kunakaribia, ila mtama ule nao ni siri, na mara nyingi anayeumwaga ni mwenyewe.

Nachagua kuanika. Tunaanika nguo, mpunga, dagaa, mwani, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho siri. Kimetolewa ndani kikatandazwa nje, kila apitaye akione. Na tayari kitenzi hiki tunakitumia kwa watu na mambo yao, kama msomaji wa vichwa vya habari vya Dar es Salaam anavyojua. Doksingi hufanya kazi vivyo hivyo. Jirani anajua unakoishi, mwenye duka anayo namba yako, mwalimu anamfahamu mwanao kwa jina. Hayo yametawanyika kwa watu wanaokutakia heri, au wasio na haja nawe, na yakibaki hivyo hayana madhara. Mwanikaji anayakusanya, anayatandaza mahali pamoja, kisha anawaita wenye chuki waje watazame.

Kisarufi nako mambo ni mepesi: amemwanika, ameanikwa, wameanikana, uanikaji. Wapo wanaosema "amemdoksi", na sina ugomvi nao, lakini mlaji wa kwanza wa istilahi ni mama anayetaka kumweleza askari wa zamu kilichompata binti yake.

Umbo linalonivutia zaidi ni kujianika. YouTube na TikTok humlipa mtu kwa kadiri anavyotazamwa, na watazamaji hupenda nyumba, ndoa, ujauzito, ugomvi na shemeji. Anayenyamaza wiki mbili anaona takwimu zake zinaporomoka, basi anarekodi hata asipokuwa na la kusema, na kisichokosekana kamwe cha kurekodi ni maisha yake. Elle Mills, mtayarishaji wa video wa Kanada, alieleza hayo mwaka 2018, akiwa na umri wa miaka 19, katika video ya kukiri kwamba amechoka kabisa ilhali ndoto yake ya utotoni ilikuwa imetimia. Ukaribu huo wa watazamaji haukuanza leo: mwaka 1956, watafiti Donald Horton na Richard Wohl waliandika juu ya watazamaji wa televisheni wanaomwona mtangazaji kama rafiki yao wa karibu ingawa yeye hawajui. Televisheni ile haikuwa na sehemu ya kukomenti. Sasa rafiki huyo wa upande mmoja anajibu, anadai, na akikasirika anajua rangi ya geti lako.

Kisa kinachoonyesha ubaya wa jambo hili kwa ukamilifu wake kilitokea Altschauerberg, kijiji kidogo cha Bavaria, Ujerumani. Huko aliishi kijana aliyejulikana mtandaoni kwa jina la Drachenlord, mtayarishaji wa video za kawaida kabisa: muziki wa metali, michezo ya kompyuta, soga. Watu walianza kumchokoza, naye akawa mwepesi wa kuwaka. Siku moja kwa hasira akaitaja anwani yake mwenyewe kwenye video, akiwaambia waje kama ni wanaume. Wakaja. Wakaendelea kuja kwa miaka, wakirusha mayai, wakipiga kelele usiku, wakimrekodi akifoka ili wapate video nyingine ya kumcheka. Agosti 2018 mamia ya watu walimiminika kijijini ingawa mamlaka zilikuwa zimepiga marufuku mkusanyiko huo. Mwaka 2021 mahakama ilimhukumu yeye kifungo cha miaka miwili kwa kuwashambulia baadhi ya wageni hao. Mwaka uliofuata rufaa ilikipunguza na kukifanya kifungo cha nje. Nyumba aliiuza, ikabomolewa.

Wengi hushika hapo: alijianika mwenyewe, analalamika nini? Hoja hiyo naisikia hata kwetu, kila binti anayeposti video anaposhambuliwa. Lakini aliyeanika nguo zake uani hajampa mpita njia ruhusa ya kuzichukua. Anwani iliyotajwa mara moja kwa hasira haikumlazimisha mtu yeyote kupanda gari.

Tena kuna wanaoanikwa bila kosa hata la kufikirika. Desemba 2017, wachezaji wawili wa mchezo wa vita wa kompyuta walikosana kwa dau la dola moja na nusu. Mmoja akatoa anwani ya nyumba aliyowahi kuishi zamani, akiwachokoza wenzake. Mtu wa tatu akawapigia polisi wa Wichita, Kansas, akidai kwamba katika nyumba ile kumetokea mauaji na watu wameshikwa mateka. Aliyefungua mlango hakuwa na habari ya mchezo wala dau. Polisi wakampiga risasi, akafa. Aliyepiga simu alihukumiwa kifungo cha miaka 20 mwaka 2019.

Msomaji wa Mbagala anaweza kusema kwamba sisi hatuna hatari hiyo, nyumba zetu tunaelekezana kwa mwembe na duka la Mangi. Si kweli. Kwetu namba ya simu ndiyo anwani. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, namba imekuwa pia pochi, na ukijaribu kutuma pesa, simu inakuonyesha jina la mwenye namba kabla hujathibitisha. Tanzania laini zimesajiliwa kwa alama za vidole. Mtayarishaji anayeweka namba yake chini ya video ili mashabiki wamchangie amekwisha kuwapa jina lake la kwenye kitambulisho. Na mwembe nao unatosha: mnara wa simu unaoonekana dirishani, adhana ya msikiti fulani, sare ya mtoto aliyepita nyuma ya kamera. Bodaboda wa kijiweni atamalizia.

Nikiwa hapo niseme kidogo kuhusu mipasho, kwa kuwa kuna wanaodai kwamba matusi ya mtandaoni ni mipasho tu iliyobadili jukwaa. Katika miaka ya 1990, Khadija Kopa wa kundi la TOT na Nasma Khamis wa kundi la Muungano walipokuwa wakirushiana vijembe kwa nyimbo, sanaa yenyewe ilikuwa kutotaja jina. Mlengwa anajijua, wasikilizaji wanamjua, lakini mlango wa kusema "si mimi" unabaki wazi, naye akiweza anarudi na wimbo wake. Mwanikaji anaufunga mlango huo. Anataja jina, namba na mtaa, na hataki jibu.

Sheria zetu zilitungwa kwa kumfikiria mtu anayempelekea mwenzake ujumbe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inakataza kumtumia mtu mawasiliano kwa nia ya kumtisha, kumnyanyasa au kumtia uchungu. Ya Kenya ya mwaka 2018, kifungu cha 27, inamtazama anayewasiliana na mhanga au na watu wanaofahamika kwake, na adhabu yake inafika faini ya shilingi milioni 20 au kifungo cha miaka 10. Mwanikaji hamwandikii mhanga neno lolote. Anawaandikia watu baki, na anachoandika kinaweza kuwa namba tupu yenye tarakimu kumi. Uholanzi imetunga kosa lake maalumu, lililoanza kutumika Januari 2024: kusambaza taarifa za mtu kwa lengo la kumtia hofu.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania, kwa hiyo kitenzi kitakachoandikwa kwenye hati ya mashtaka si suala la wanaisimu peke yao. Ikiandikwa kwamba mshtakiwa "alifichua" namba ya mlalamikaji, wakili wa utetezi atasimama na picha ya duka la mlalamikaji, namba ileile imepakwa rangi ukutani, aulize ni siri gani iliyofichuliwa. Ikiandikwa kwamba "alimwanika", picha ya duka haimsaidii. Itabidi mteja wake aeleze aliitoa wapi namba ile, aliipeleka mbele ya nani, na walipoanza kupiga simu usiku alikuwa anatarajia nini.